Nikipika mbalaga tarehe 26, nitakuwa nimeivunja Krismasi ya kwetu?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Dresden, Ujerumani, lakini kwetu ni Rungwe, kijiji kimoja juu kidogo ya Kiwira. Nimelelewa kwenye kanisa la Moravian. Huku nafanya kazi ya uuguzi. Mume wangu ni mtu wa Iringa, na tuna watoto wawili: binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume, miaka 6, ambaye amezaliwa hukuhuku.

Shida yangu ni Krismasi. Najua wapo watakaoona ni jambo dogo, lakini kila ikifika Novemba tumbo linaanza kuniuma.

Kwetu Krismasi ilikuwa jambo zito. Kuanzia tarehe 22 watu wanateremka kwenye mabasi, wengine kutoka Dar, wengine Tunduma, wengine Mbeya mjini tu hapo. Mvua inanyesha, tope hadi kwenye vifundo vya miguu, na jikoni kwa mama moshi hauishi. Usiku wa tarehe 24 baba alitukusanya sebuleni, tunaimba, anasoma Luka sura ya 2, halafu anaomba akitaja kila mtu kwa jina. Waliopo na wasiokuwepo, wakwe, wajukuu, hata aliyekuwa bado tumboni alitajwa. Tarehe 25 ni ibada, kisha tunakula pamoja: mbalaga, yaani ndizi za kupikwa za kwetu, wali wa mchele wa Kyela, nyama. Tarehe 26 tunasafisha makaburi ya familia na kuwatembelea wazee. Baba alishafariki. Mwaka huu ni Krismasi ya tatu bila yeye.

Tangu tuhamie huku nimejitahidi kufanya vilevile. Natafuta ndizi mji mzima, napika kutwa peke yangu, nawavalisha watoto vitenge, tunampigia mama kwa video. Simu kule inapita mikononi mwa ukoo mzima, kila mmoja anasema "hamjambo", watoto wanajibu "hatujambo" na kukimbilia vitu vyao vya kuchezea. Huku zawadi zinafunguliwa jioni ya tarehe 24, kwa hiyo ikifika 25 wao sikukuu yao imeshapita. Mwaka jana mdogo alikataa kabisa kula ndizi. Dada yake akaniambia, kwa upole tu wala hakuwa na ujeuri, "Mama, hii ni Krismasi yako wewe." Niliingia bafuni nikalia.

Mume wangu anasema tuache, tuko Ujerumani, tufanye kama wenyeji. Mama naye kila mwaka analia kwenye simu. Mwaka jana alinitumia ujumbe wa sauti: mwacha mila ni mtumwa, na kwamba nimemzalia Wajerumani. Mwaka juzi alimpa shemeji yangu nyama aliyoikausha mwenyewe pamoja na maparachichi atuletee. Watu wa forodha wakavichukua vyote uwanjani. Mama alipopata habari akasema hata chakula chake siku hizi kinakataliwa.

Mwaka huu ratiba ya zamu imetoka: niko kazini asubuhi ya 24, na tarehe 25 kuanzia mchana hadi usiku. Nimeomba kubadilishana na wenzangu, imeshindikana. Siku iliyobaki ni 26. Nilipomwambia mama kwamba tutapika 26 alinyamaza, kisha akasema, "Krismasi ni tarehe 25, mwanangu, siyo siku unayopata nafasi."

Jambo la mwisho naona hata aibu kuliandika. Zamani baba alikuwa ananunua fungu la nyama kwa majirani wanaochanga na kuchinja pamoja. Tangu nije huku, kaka yangu mkubwa huniomba pesa ya ng'ombe mzima. Siku hizi anaitwa ng'ombe wa Krismasi na ukoo wote unamsubiri. Mwaka huu bili za kupasha nyumba joto zimenibana, sina hiyo pesa. Kaka anasema nikiacha nitakuwa nimevunja mila.

Shangazi, nishike lipi, niache lipi?

Ndaga fijo, asante sana.
Mama wa Wawili, Dresden

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi na kwa kuwa mbali.

Nianze na tarehe kwa sababu ndiyo nyepesi. Pika tarehe 26 na usimwombe mtu radhi. Huko Ujerumani siku hiyo ni sikukuu ya pili ya Krismasi, maduka yamefungwa na watoto wako nyumbani. Huku kwetu nayo ni mapumziko ya taifa, na Rungwe wageni bado hawajaanza kuondoka. Wauguzi wa hapa Mbeya nao wanakula Krismasi kwa zamu, na sijawahi kusikia mtu akiwaambia wameivunja. Mgonjwa haugui kwa kalenda. Mama yako anajua hivyo, na naamini kabisa siyo tarehe inayomliza.

Katika barua yako nilisimama kwenye sentensi moja: baba akiomba na kumtaja kila mtu kwa jina. Umeeleza mambo mengi, ndizi, vitenge, nyama, makaburi, lakini hilo umelieleza kwa namna nyingine kabisa. Na hukusema kama umejaribu kulifanya huko. Hukusema pia ni nani analifanya kule kijijini tangu baba afariki. Nina hisia kwamba hakuna. Kama nimehisi sawa, basi mama anakaa sebuleni kwake usiku wa tarehe 24, nyumba imejaa watu, na hakuna anayewataja wajukuu zake walioko Dresden. Kesho yake anawaona kwenye kioo cha simu wakisema "hatujambo" na kukimbia. Mimi ningekuwa yeye ningelia pia.

Kwa hiyo Krismasi ya mwaka huu ijenge juu ya maombi yale. Hayahitaji ndizi, hayahitaji pesa, hayapiti forodha. Mpigie mama sasa, usisubiri Desemba, umwambie: "Mama, nataka usiku wa 24 wewe ututaje kama baba alivyokuwa akitutaja." Akisema hiyo ni kazi ya mwanaume, mwombe yeye mwenyewe amchague wa kuifanya, kaka yako au mzee wa kanisa wa hapo jirani. Ila muombe yeye kwanza. Wamama wengi wa Rungwe ninaowajua wameomba kwa sauti maisha yao yote, ni vile tu hakuna aliyewaambia kwamba zamu yao imefika.

Wakati wa baridi mnatofautiana saa mbili. Kwao ikiwa saa 2 usiku, kwenu ni saa 12 jioni. Zamu yako ya asubuhi itakuwa imekwisha, giza limeshaingia, na zawadi bado hazijafunguliwa. Hapo ndipo pa kuiweka, kabla ya zawadi, ili watoto wawe wametulia na wana hamu. Simu isizungushwe. Iwekwe mezani mbele ya mama, akae, wengine wakae nyuma yake. Desemba umeme hukatika na mvua huharibu mtandao, basi mwambie mpwa mmoja ahakikishe simu imejaa chaji tangu mchana na vocha ipo. Video ikikwama, tumieni sauti peke yake. Jina halihitaji picha.

Na watoto wasiwe wa kutajwa tu. Wakae na daftari wiki moja kabla, waandike majina ya watu wao wa huku: bibi, wajomba, mama wakubwa, binamu wote hadi yule aliyezaliwa mwaka huu. Binti aandike, mdogo wake achore. Bibi akimaliza kuwataja wa Dresden, binti yako asome wa Rungwe na wa Iringa. Atakosea baadhi, bibi atamsahihisha, na katika kusahihishana huko watakuwa wameongea kuliko walivyoongea miaka yote ya "hamjambo, hatujambo".

Hapo nimeshaingia kwenye suala la watoto, na hili nataka tukae nalo.

Binti yako amekuambia kweli, na amekusaidia. Hebu jikumbushe wewe ukiwa na miaka 9, asubuhi ya mkesha. Ulikuwa umekaa unaangalia watu wakisherehekea? Hata kidogo. Ulikuwa umetumwa maji, umetumwa kuni, umeambiwa ukafyeke majani ya migomba ya kufunikia chungu, umepewa kisu na lundo la ndizi umenye. Unakumbuka kumenya, mikono unaipaka mafuta kwanza ili utomvu usigande, na bado jioni vidole vinakuwa vyeusi na unakwenda navyo kanisani hivyohivyo. Baadaye unapewa sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, upeleke kwa jirani, na unarudi nayo ikiwa na kitu, maana sahani ya Krismasi haikurudi tupu. Ulikuwa na kazi, na kwa sababu hiyo Krismasi ilikuwa yako. Wanao umewapa vitenge ukawaketisha. Wewe unapika peke yako kutwa, wao wanaletewa sahani. Hapo kweli ni Krismasi yako, wao ni wageni.

Basi mwaka huu usipike peke yako. Tarehe 26 asubuhi binti apewe kisu kidogo na mafuta ya kupaka mikononi. Mpigie bibi wakati ndizi bado ziko na maganda. Siku zote mmekuwa mkimpigia chakula kikiwa mezani, wakati hana la kufanya tena zaidi ya kutazama. Saa 4 asubuhi kwenu ni saa 6 mchana kwake, anao muda. Mwache yeye amwelekeze mjukuu wake: anza kwenye ncha, usikate ndani sana, hiyo imeiva weka pembeni. Wewe toka jikoni kidogo. Nasema kweli, toka. Ukibaki utajibu kwa niaba ya mtoto na kutafsiri kila neno, na mama ataongea na wewe badala ya kuongea na yeye.

Mdogo asiyependa ndizi usimlazimishe kula. Mpe kazi ya sahani. Kwenye jengo lenu hakosekani mzee anayekaa peke yake, na Krismasi huko wenyeji wengi hujifungia na familia zao, kwa hiyo asiye na familia hana pa kwenda. Tofauti na kwetu, usimtokee mtu mlangoni bila taarifa. Watoto waandike kadi wiki moja kabla, waitumbukize kwenye sanduku lake la barua: tarehe 26 saa 8 mchana tutakuletea chakula cha kwetu. Siku yenyewe mdogo abebe sahani na dada yake afuatane naye. Mtoto wa miaka 6 aliyepeleka chakula kwa jirani hataiita hiyo Krismasi ya mama yake.

Zawadi zao za jioni ya 24, mti, kalenda ya siku za Desemba wanayofungua vidirisha, mishumaa minne ya majilio, usivipige vita. Ni maisha yao ya shuleni na ya marafiki zao. Mtoto ana nafasi ya sikukuu mbili.

Kuhusu ile methali. Mama amekutupia "mwacha mila ni mtumwa" na imekuchoma. Lakini nikukumbushe historia ya kwenu mwenyewe, maana unaishi karibu nayo kuliko mimi. Wanyakyusa hawakuwa na Krismasi. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891 wakiongozwa na Theodor Meyer, na Walutheri wa Berlin wakafika Unyakyusa mwaka huohuo. Wamoravian hao walitumwa kutoka Herrnhut, mji mdogo ulioanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia. Na Herrnhut uko Saxony, jimbo lilelile la Dresden, chini ya kilomita 100 kutoka unapolala. Mabibi na mababu zenu waliipokea sikukuu ya watu wa baridi na theluji, wakaiweka katikati ya mvua na msimu wa kupalilia mahindi, wakaitilia ndizi na maziwa, wakaifanya ya kwao hadi leo mama yako anaiona ni ya tangu enzi. Hawakuwa watumwa. Walichagua cha kubeba na namna ya kukibeba, na kazi hiyohiyo sasa imekuangukia wewe.

Ningekuwa wewe ningewapeleka watoto Herrnhut Jumamosi moja ya majilio. Treni ya kwenda Görlitz inasimama Löbau, pale mnachukua basi. Pana karakana ya zile nyota za karatasi zenye ncha 25, ambazo zilianza kama somo la hesabu kwenye shule ya Wamoravian ya Niesky miaka ya 1800 mwanzoni, na wageni wanaruhusiwa kutazama zinavyotengenezwa. Nunueni moja isiyounganishwa, mdogo aiunganishe nyumbani. Pandeni pia hadi makaburi ya Hutberg, mkaone mawe yamelala chini, karibu yote sawa, ya mkubwa na ya mdogo. Mwelezeni mama kwa simu mkiwa palepale. Kwa kuwa tarehe 26 hamtaweza kusafisha kaburi la babu, mtakuwa mmesimama mahali ambapo ibada ya Wamoravian ya alfajiri ya Pasaka makaburini ilianzia, mwaka 1732, na ibada hiyo mama anaijua tangu utoto. Nadhani mwanamke aliyesema umemzalia Wajerumani atakuwa na maswali mengi sana siku hiyo.

Chakula, kwa kifupi. Kwenye maduka ya Waafrika ulizia matoke ya Uganda, uagize mapema. Zikikosekana, ndizi mzuzu mbichi zinafaa, ziache zichemke zaidi. Kila nyumba Rungwe ina mbalaga yake, ya Dresden nayo itakuwa na ladha yake. Mizigo: tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda analobeba msafiri, isipokuwa ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Parachichi halimo kwenye msamaha huo, na nyama na maziwa kutoka huku ni marufuku kabisa. Kwa hiyo mweleze mama kwamba hakuna aliyekataa chakula chake, ni sheria ya mifugo na mimea inayomkuta kila mtu, na kwamba ndizi zake zinaruhusiwa. Akipatikana msafiri, achague mama mwenyewe mkungu, akate vichane viwili vitatu. Achague na vitenge vya wajukuu pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, umtumie vipimo. Mtu anayechagua kitu ana sehemu yake kwenye sikukuu, hata akiwa mbali.

Mume wako amenyamaza sana kwenye barua hii. Anasema tuache, na umemchukulia kama mtu asiyejali. Je, umewahi kumuuliza Krismasi ya kwao Iringa ilikuwaje? Umeleta Rungwe nzima kwenye nyumba ya watu wawili. Huko kwao mvua za Desemba ndizo zinazoleta ulanzi, ile pombe ya mianzi, watu wanarudi nyumbani kula sikukuu na kesho yake wanaingia shambani na jembe. Ana nyimbo zake, ana bibi yake, ana chakula anachokikumbuka. Mkabidhi Mwaka Mpya. Apike yeye, awapigie wa kwao yeye, awape watoto kazi anazozijua yeye, na wewe ukae ukisubiri kuitwa mezani. Kama hataki, basi utajua kwamba hataki. Kwa sasa hujui.

Sasa ng'ombe.

Hapa sitakuficha ninavyoona. Umeandika kwa mkono wako kwamba baba alikuwa ananunua fungu. Fungu, kwa kuchanga na majirani, na watu wakala wakashiba. Ng'ombe mzima ameanza ulipopanda ndege. Kaka yako anakuambia utavunja mila, lakini mila hiyo haina umri wa binti yako. Aliyeivunja ya baba, kama neno ni kuvunja, ni aliyeacha kuchanga na majirani akaanza kungoja pesa kutoka Ulaya. Simwiti mtu mbaya. Kaka amebeba nyumba ya baba, wageni wanamtazama yeye, na ng'ombe humpa heshima ambayo huenda kwa mfuko wake haiwezi kupatikana. Kwa sababu hiyo usimjibu kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mpigie peke yake.

Mwambie hivi: "Kaka, mwaka huu sitaweza ng'ombe. Nitatuma ya fungu, kama alivyokuwa akifanya baba, na ningeomba turudi kwenye kuchanga." Taja kiasi chako palepale, kiwe kile ambacho ukikitoa bado nyumba yako ina joto na watoto wamekula. Usikope. Akikasirika, mwache akasirike, usiongeze pesa ili kununua amani, kwa sababu mwakani itaanzia hapo. Mama mweleze wewe mwenyewe, siku hiyohiyo, asije akasikia kwa mtu mwingine kwamba umeacha kutuma. Na umwambie kaka una kazi nyingine unayotaka kumpa kwenye Krismasi hii: asome Luka 2 usiku wa tarehe 24, kabla mama hajaanza kuwataja.

Mpigie wiki hii, kabla hajaweka oda kwa mwenye ng'ombe.

Shangazi, Mbeya